Namba Kwenye Vumbi la Lori

Tulishushwa kwenye lori, kwenye kizuizi cha askari, njia ya Koboko. Askari alimpekua mwalimu aliyekuwa ameketi kando yangu, akakuta karatasi imejaa tarakimu.

“Hii iko siri ya adui! Nani anamujua huyu?”

Mungu anisamehe, nilisema simjui, naye ndiye anayemfundisha binti yangu.

“Afande, ni hesabu ya watoto,” mwalimu alisema. “Zidisha 142,857 kwa mbili.”

Askari akaandika kwa kidole kwenye vumbi la lori: 285,714. Kwa tatu: 428,571. Akashtuka.

“Iko zile zile! Zimebadilishana viti tu!”

Akaenda hadi sita, zikabaki zile zile.

“Sasa saba,” mwalimu akasema.

Zikatoka tisa tupu: 999,999. Askari akavua kofia.

“Mwalimu, nani alitengeneza hii?”

“Si mimi, afande. Mimi niliikuta.”

“Haya, panda lori.”

Mwalimu aliketi palepale kando yangu, akanipa ile karatasi. “Mpelekee binti yako. Nilimwahidi.”

Tarakimu zile zilizidishwa mpaka sita bila kuachana. Mimi niliulizwa mara moja tu, nikamwacha.