Barafu ya Goti la Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na shamba la karafuu Kidichi, na goti lililomvimba kila mwaka mvua zikianza. Tabibu wa mjini alimwagiza aliwekee barafu. Basi kila alfajiri mchukuzi wake alikwenda mjini kwa miguu, akarudi mbio na bonge kichwani, limefungwa ndani ya gunia lenye vumbi la mbao, lisiyeyuke njiani.

Siku moja aliteleza akateguka kifundo cha mguu, lakini bonge hakuliangusha. Alifika akichechemea, akasimama barazani akiyatazama maji ya barafu yakidondoka kutoka gotini mwa mjomba hadi kwenye beseni.

"Bwana, nnaomba niutie mguu humo, kabla hayajamwagwa."

"Baridi ni dawa ya waungwana," mjomba akasema. "Mifupa yenu nyie inataka moto."

Wageni waliokaa naye barazani wakacheka. Mpishi akaamriwa akaange mchanga, autie kitambaani na kumkanda nao. Mchukuzi aliuma ukosi wa kanzu yake, na kifundo kikazidi kufura. Maji ya beseni yakamwagiwa mche wa mrihani uani.

Alfajiri mjomba akamwita.

"Naam, bwana."

"Leo usichelewe. Jana bonge lilipungua."

Akaenda, akijikokota kwa fimbo. Alirudi adhuhuri na gunia lililorowa, ndani hamna kitu. Mjomba akalipapasa, akaona bado lina ubaridi, akalizungushia goti lake. Kisha akamwambia atafute kazi kwengine, ila fimbo aiache, kwani ilikatwa shambani mwake.