Jibu la Bibi kwa Mtani Wake

Saa nne na dakika kumi asubuhi mwenyekiti wa mtaa alikaa kwenye kiti kilichotolewa ndani mwetu, akawaambia majirani wasogee karibu. Saa hiyo naijua kwa sababu mwenye duka, Mhindi wetu wa pale kona, aliitaja kwa sauti. Alikuwa amefunga duka kuja kusikiliza na alitaka shughuli iishe upesi. Adhuhuri ilipoadhiniwa, bibi yangu hakuwa na nyumba.

Juzi nilipita mtaa huo wa Ufukoni, nikitokea Shangani kwa miguu. Palipokuwa na nyumba yetu ya udongo na makuti pana nyumba ya wageni yenye geti la chuma. Mlinzi akaniuliza namtafuta nani. Nikamjibu simtafuti mtu, nikaendelea na njia yangu.

Mtaa ule, rafiki yangu, ungeujua kwa pua kabla hujauona. Msimu wa korosho moshi wa maganda uliwasha macho ya kila mtu. Akina mama walikaa barazani wakibangua, vidole vimebabuka kwa mafuta ya ganda, na bado walikuwa wakisutana na kuchekana mpaka jua linazama. Mimi kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja alfajiri, kisha kupanga ndoo bombani. Bibi alichemsha ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini, akaiuza mlangoni pamoja na chachandu, pilipili yake ya kusaga iliyomtoa machozi hata baharia. Kwa hela ya ming'oko alijenga nyumba ile baada ya babu kufa, chumba kimoja kwanza, cha pili miaka kadhaa baadaye. Aliniita mke mwenzake, na aliniambia chumba cha pili ni changu.

Jirani wa upande wa kisima alikuwa mtani wake. Koo zao zilitaniana tangu mababu walipovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Mtani hula chakula chako bila kuomba, hukuita mchawi mbele ya wageni, na ukikasirika wewe ndiye uliyeaibika. Kila asubuhi aliingia uwanjani kwetu na kufunua sufuria.

"We kizee, bado unapumua?"

"Napumua, nikifa nani atakulisha? Mkeo anapika mawe."

"Nakula kwangu. Nyumba yangu, sufuria yangu, mwanamke wangu."

"Chukua! Chukua na kunguni wake, nimechoka kuwafuga peke yangu."

Barazani watu walishika mbavu kwa kucheka. Siku ambayo jirani alichelewa, bibi alichungulia njiani, akauliza huyo mwizi kapatwa na nini.

Kisha tukaambiwa mtaa utapimwa viwanja. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Watu walijenga kwa kuonyeshwa mpaka na jirani, basi. Kwa hiyo mwenyekiti na karani wa ardhi walipita nyumba hadi nyumba, mwenye nyumba anatajwa mbele ya majirani, karani anaandika. Karani alikuwa kijana wa kutoka bara, mgeni kabisa kwetu. Sisi tulikuwa wa tano, na katika nyumba nne zilizotangulia hakuna aliyebisha neno.

Bibi alikuwa akiwagawia wageni uji. Mwenyekiti hajafungua mdomo, mtani akasimama katikati ya uwanja.

"Bibi, leo serikali ipo. Sema wasikie. Nyumba hii ya nani?"

Bibi hakugeuza hata shingo. "Yako, mume wangu. Nilishakupa zamani, umesahau kwa ulevi?"

Watu wakaangua kicheko. Karani hakucheka.

"Mama, umempa kweli?"

"Nimempa, mwanangu. Na mimi mwenyewe nimo humohumo, anichukue kama anaweza kunibeba."

Kicheko kikazidi, hata mwenyekiti akafuta machozi. Karani akaandika. Mtani hakurudisha utani kama ilivyo desturi. Alikwenda kwenye meza ya karani, akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwenye karatasi. Hapo nikamwona bibi akiweka bakuli chini, taratibu, kama mtu aliyesikia kitu kikianguka ndani.

"We, acha mchezo," alisema.

"Mchezo gani? Umesema mwenyewe."

Mwenyekiti akawauliza majirani mmoja mmoja: kasema au hakusema? Walisema kasema. Mwenye duka alijibu, "Kasema, lakini alikuwa anatania, bwana, kila siku wanataniana hivi." Karani akamwambia hapa hapaandikwi utani. Mwenyekiti, aliyezaliwa mtaa uleule, aliangalia kiatu chake.

Bibi angeweza kwenda kushtaki. Wazee wa ukoo wetu ndio waliomzuia. Walikuja, wakala ming'oko yake, wakamwambia kumpeleka mtani kwenye baraza la kata ni kuuvua ukoo mzima nguo. Wakamshauri acheke, mwenzake ataona haya na kurudisha. Akacheka. Alicheka miezi mingi. Mtani akampangisha mwanawe mwenyewe nyumba, bibi na mimi tukahamia banda la jikoni, na kila asubuhi mtani aliinamisha kichwa mlangoni pa banda: "Mpangaji, hujambo?" Barazani walicheka kidogo, kwa mazoea, na bibi alilazimika kujibu. Siku moja hakujibu. Hakujibu tena mpaka alipokufa.

Siku hizi watu wa mtaa ule husalimiana kupitia matundu ya geti. Wapo wanaosikitika kwamba utani umekufa, kwamba vijana hawajui tena kucheka na jirani. Mimi huwasikiliza. Nakumbuka vilevile jinsi uwanja ule ulivyokuwa mtamu asubuhi, na sijui niuweke wapi utamu huo.

Maiti ya bibi ilitolewa bandani baada ya sala ya alasiri. Wanaume walipoinua jeneza, mtani akaja mbio na kulala chali katika njia ya kutokea, mikono ameifumbata kifuani kama maiti mwingine.

"Hatoki huyu! Mke wangu huyu, ameniachia njaa. Nilipeni kwanza!"

Ni haki ya mtani msibani, na hakuna wa kumwondoa. Waombolezaji walianza kucheka. Wengine, nakuapia, walicheka kwa dhati. Mjomba, mwana wa bibi, alisimama na mpini wa jeneza begani, jasho likimtiririka. Akampokeza mwingine, akaingiza mkono mfukoni na kumwekea noti kifuani. Mtani akazitazama, akatikisa kichwa. Mjomba akaongeza. Akaongeza tena, mpaka mfuko ukaisha, ndipo jirani akainuka, akajipangusa mchanga na kutupisha.

Alichukua shilingi elfu tatu na mia tano.