Kisu Mahali pa Mtoto

Siku ya arobaini yako, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu mwenyewe. Ulikuwa umevikwa kofia nyeupe ya uzi iliyokuzidi kichwa, umelala zako, na mimi shangazi yako nilikataa kukupokea mbele za watu. Mama yako hajawahi kukwambia, najua, maana ana moyo mzuri kunishinda. Nakwambia mimi leo kwa sababu ya ule ujumbe ulionitumia jana.

Umenitumia picha ya kisu kidogo cha kukunja, ukaandika, "Shikamoo shangazi. Hiki nikivae wapi kisionekane? Kiunoni, kwenye soksi, au kwenye sidiria?" Marahaba, mwanangu. Kwanza nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Najua wale wa pikipiki walivyokukwapulia mkoba pale Jangwani wakakuburuta nao, na goti lako bado halijapona. Najua pia kwamba kila ukifunga kibanda chako cha viatu Mchikichini jioni, moyo unaanza kwenda mbio kabla hujapiga hatua. Sitakwambia kwamba hofu hiyo ni ya kijinga. Na mimi nimewahi kuwa nayo, na hilo swali lako nililihangaikia mpaka nikapata jibu, tena jibu nililolipenda sana.

Wakati huo nilikuwa binti wa kutazamwa, usiwasikilize wanaokwambia vingine. Nilikuwa nauza kanga kwenye duka la jumla Mtaa wa Narung'ombe. Nilikuwa nimeolewa, mtoto sijapata, na kila anayenijua alikuwa ameshaniuliza kulikoni. Jioni moja nikakata kichochoro cha nyuma ya maduka, mtu akanikaba shingo kutoka nyuma, akachukua mkoba, akanisukuma ukutani, akaenda zake. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakukimbia hata. Aliondoka akitembea taratibu kama mtu anayerudi kwake, nami nimebaki nimeshika ukuta.

Basi nikanunua kisu cha kumenyea viazi. Kwanza nilikiweka kwenye mkoba, kisha nikajicheka mwenyewe, maana mkoba ndio wanaoutaka, na hapo nilikuwa nawapelekea na silaha. Nikakihamishia kwenye pindo la kanga, huku tunakofunga chenji. Kila nikitafuta chenji nakutana na makali, halafu kanga yenyewe mwanamke huifunga na kuifungua kutwa nzima. Kiunoni kilinichoma nilipokaa, na kazi ya dukani ni kuinama na kuinuka. Mwishoni fundi viatu mmoja alinishonea ala ya ngozi laini, nikakibana kifuani upande wa kushoto, ndani ya sidiria, gauni juu yake na baibui juu ya gauni. Hapo nikaridhika. Nikawa nasimama mbele ya kioo najizoeza kukichomoa, mkono unaingia shingoni mwa gauni na kutoka, mpaka mume wangu akaniuliza kama nimetokwa na harara.

Hakuna aliyekiona, na mimi nilijiona mjanja kweli. Ila nikaacha kukumbatiana na watu. Shoga akinijia mikono wazi, nampa mkono mmoja kwa mbali. Watoto wa jirani waliozoea kunirukia nikirudi kazini, nikawa nawazuia kwa magoti. Mwenyewe niliona ni mambo madogo, hata sikuyahesabu.

Ndipo ikafika arobaini yako. Mama yako alikuwa ameshazika wawili kabla yako, na hakuna kati yao aliyefika siku hiyo. Kwa hiyo nyumba ya kaka yangu ilijaa wanawake hadi uani, udi unafuka, biriani linanukia mtaa mzima. Unajua desturi ya kwetu. Mama humtoa mtoto chumbani, na wa kwanza kumpokea ni shangazi yake. Shangazi humlaza kifuani, humnong'oneza dua sikioni, ndipo wengine nao wapokezane. Mimi ndiye niliyekuwa dada pekee wa baba yako, hakuna mwingine wa kushika nafasi hiyo.

Mama yako akatoka nawe, amevaa kanga mpya niliyomchagulia mimi dukani. Akaniambia, "Wifi, mpokee mwanao."

Nikanyoosha mikono, nikakumbuka. Kichwa chako kilikuwa kinakuja kulala palepale kwenye kisu. Ala ilikuwa imeshaanza kuachia mshono, na asubuhi ile ile ncha ilikuwa imenichana ngozi. Nikairudisha mikono. Nikasema, "Siwezi, wifi. Mpe mwingine."

Vigelegele vikakatika. Mwanamke asiye na mtoto anakataa kumpokea mtoto wa wifi yake, tena huyu aliyeombewa kiasi hiki. Watu hawakuhitaji kuelezwa. Nyuma yangu nikasikia mtu akisema, "Kijicho hicho," wala hakujisumbua kupunguza sauti. Mama yako alinitazama usoni, na mpaka leo sipendi kuukumbuka ule uso. Akakufunika kwa ncha ya kanga, akarudi chumbani, nikasikia komeo.

Bibi yangu, Bi Kidawa, mama mzaa baba yetu, alinishika mkono akanipeleka stoo kwenye magunia ya mchele. Alikuwa mwembamba, na pumu ilikuwa inamsumbua. Alikuwa ameona mkono wangu ukikimbilia kifuani. "Una nini hapo?" akaniuliza. Nikakitoa, nikamweleza yote, kichochoro, shingo, yule mtu alivyotembea. Hakunigombeza. Alikitazama kile kisu, akanirudishia.

"Kirudishe ulipokitoa. Vaa kama ulivyovaa."

Nikavaa. Akapita nyuma yangu, akanikumbatia kwa mikono yake ile miembamba, akaibana mikono yangu mbavuni.

"Haya, kichomoe."

Mwanangu, nilihangaika. Kile nilichokizoea mbele ya kioo hakikuwezekana, maana kwenye kioo hakuna mtu aliyenishika. Nilipofanikiwa kuupenyeza mkono mmoja, nilishika makali badala ya mpini, nikajikata kidole. Bibi akaniachia, anahema.

"Aliyekukaba hakukusubiri ujiandae," akasema. "Mtu akishakukaribia hivi, kisu hiki ni chake, si chako. Na siku asipokuja, ambazo ndizo siku nyingi, kinakaa mahali pa mtoto. Sasa nenda kamwambie mwenzio."

"Bibi, nikisema nimekuja arobaini na kisu kifuani, si ndiyo wataniona mbaya kabisa?"

"Watakuona mwoga. Afadhali wakuone mwoga kuliko mwenzio alale leo akidhani unamwonea kijicho mwanawe."

Nikamwachia bibi kile kisu, nikapita katikati ya wale wanawake, kidole nimekifunga kwa kipande cha kitambaa, nikapiga magoti mlangoni kwa mama yako. Nilimweleza nikiwa nje. Sikupunguza kitu, na wote waliokuwa sebuleni wakasikia. Nilipomaliza nikasema moyoni basi, nimeshampoteza wifi yangu. Kisha komeo likafunguka.

"Kiko wapi?" akaniuliza.

"Kwa bibi."

Akaniletea mkono kifuani, akanipapasa huku na huku kama fundi nguo anayepima, bila aibu, mpaka akaridhika. Ndipo akakulaza hapo. Nilikuwa nalia, nikakosea hata dua, nikaianza upya. Wewe ukafumbua jicho moja, ukanitapikia maziwa kwenye baibui jipya. Mama yako akakaa sakafuni kando yangu akasema, "Ungeniambia tu kwamba unaogopa, wifi. Ningekuwa nakuja kukuchukua."

Na kweli akawa anakuja. Jua likielekea kutua namwona anakata kona ya Narung'ombe, wewe mgongoni, anasalimiana na kila mwenye meza. Wenzangu wawili wa maduka ya jirani wakajiunga nasi, kumbe nao walikuwa wakiogopa kimyakimya, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Tukawa tunafunga pamoja na kutembea katikati ya barabara, tunacheka kwa sauti hadi kituoni. Sitakudanganya kwamba hatukuibiwa tena. Mmoja wetu alikwapuliwa pochi. Lakini tulipiga kelele sote kwa pamoja, wachukuzi wakageuka, na yule kijana akaitupa pochi akatokomea.

Sasa swali lako, kipenzi changu. Kiunoni, soksi, sidiria, vyote nakujibu hapana. Kwenye soksi utahitaji kuinama mbele ya mtu aliyekuja kukudhuru. Kiunoni atakigundua kabla yako, tena polisi wakikukuta nacho utakuwa na kazi ya kujieleza wewe, si aliyekukwapulia mkoba. Akitaka mkoba, mpe mkoba, usiung'ang'anie tena ukaburutwa kama siku ile. Tembea ukiwa umeuweka mkoba upande wa ukuta, mbali na barabara. Ukihisi mtu anakufuata, ingia duka lolote lililo wazi, usione haya, sema wazi kuwa unafuatwa. Mikono yako iache mitupu, maana mikono mitupu ndiyo inayoweza kusukuma, kujishika usianguke, na kumshika mwenzio. Na sauti unayo, wewe uliyekuwa ukiniamsha kwa kilio nikiwa nyumba ya pili.

Zaidi ya yote, sema kwamba unaogopa. Mimi nilinyamaza kwa kuona aibu, na ule ukimya ulikaribia kuninyima mama yako na wewe pia. Mwulize yule dada wa mabegi jirani yako anafunga saa ngapi. Nina hakika na yeye anasubiri kuulizwa.

Mama yako nimeshamwambia, kwa hiyo usinune. Ataanza kukufuata Mchikichini kesho, na ameshanunua raba za kutembelea. Akikuchosha kwa maneno njiani, mvumilie, alinivumilia mimi kwa makubwa zaidi.

Mungu akulinde uendapo na urudipo, mwanangu. Akupe watu wa kutembea nao, akuondolee hofu hiyo kidogo kidogo mpaka uisahau. Na kila atakayekuja kwako mikono wazi, mkubwa au mchanga, akujaalie uweze kumpokea bila kurudi nyuma.