Niligombea kwa Tiketi ya Tumeshiba

Chekeni sasa hivi mmalize, kwa sababu nikianza sitaki kukatizwa. Ndiyo, ni mimi yule mwalimu mstaafu aliyewaita watu sokoni Magwagwa wakaja na sahani. Mimi Kerubo, niliyefundisha Kiswahili maisha yangu yote, na kuwachapa (samahani, kuwarekebisha) watoto wa watu kwa sababu ya neno moja tu lililokaa vibaya.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nautaka uwakilishi wa wadi, nikaangushwa kwenye mchujo wa chama kikubwa, na siku za kupeleka majina zilikuwa zinaisha, basi mume wangu Nyakundi akapata namba ya bwana mmoja Nairobi anayejua vyama vyote vilivyosajiliwa ambavyo havina watu. Yule bwana akatusomea kwenye simu kama mhudumu wa hoteli anayetaja vyakula vilivyobaki: kuna Chama cha Kesho Kutwa, kuna Muungano wa Majirani Wasiogombana, kuna Vuguvugu la Subira Kidogo (aliyekisajili hicho sijui alikuwa anambembeleza nani), halafu kuna Chama cha Tumeshiba Ahadi, alama yake sufuria. Hicho cha mwisho nikakipenda papo hapo. Si maana yake iko wazi? Tumechoka kudanganywa!

"Hicho hicho," nikamwambia Nyakundi. "Kina hasira."

Tukaenda Kisii mjini kuchapisha bango kwa Bwana Kirit, ambaye familia yake imechapisha kadi za harusi na mabango ya matanga ya ukoo wetu wote tangu enzi za babu yake. Akapima, akapima tena, akasema, "Mwalimu, maneno ni mengi. Mtu akipita na boda boda hasomi kitu."

Na hapa ndipo nilipojimaliza mwenyewe. "Basi toa Ahadi," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani. "Ibaki Tumeshiba peke yake? Na hii sufuria kubwa hivi?"

"Bwana Kirit, hii lugha nimeifundisha mimi."

Akachapa. Bango likatoka hivi: NJOONI TUMESHIBA! SOKO LA MAGWAGWA, JUMATANO SAA SITA MCHANA. Sufuria katikati inafuka moshi, na mimi pembeni, kadogo, natabasamu kama mpishi.

Jumatano hiyo nilifika juu ya pikapu ya Omari, jamaa wa mjini mwenye spika kubwa, sauti yangu iliyorekodiwa ikipiga kelele njia nzima, "Tumeshiba! Tumeshiba!", na nilipouona ule umati machozi yakanitoka kwa furaha. "Nyakundi, kumbe tunapendwa!" Yeye alikuwa anaangalia mikono ya watu. Nikaangalia na mimi. Sahani, bakuli, vikombe, mzee mmoja amekuja na ndoo yenye kifuniko (huyo alikuwa na mpango wa kubeba ya nyumbani).

Nikashika kipaza sauti nikiwa bado na matumaini. "Tumeshiba!" nikapaza.

"Bado!" wakajibu, wote pamoja, kama kwaya iliyofanya mazoezi.

Nikajaribu kueleza. Nikasema jamani, hatujaita karamu, na sheria ya uchaguzi hairuhusu mgombea kulisha watu, tunamaanisha tumeshiba ahadi. Nyanya mmoja aliyekuwa mbele kabisa akasimama na sahani yake ya bati, akauliza kwa utulivu, "Hizo ahadi mlikula na nani? Sisi hamkutuita." Soko likalipuka kwa kicheko.

Nikadhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Kumbe mama yangu mzazi ametoka Nyanchwa na akina mama sita wa kanisa, wamekodi gari, wamevaa aproni, wamebeba miiko na sahani za kanisa. Akapenya hadi kwenye pikapu.

"Kerubo, chakula kiko wapi? Tumekuja kupakua."

"Mama, hakuna chakula."

"Umeita watu wote hawa na hukupika?" Akanishika mkono, sauti ikashuka. "Niliona bango nikasema mtoto wangu ataelemewa. Hukuniambia, lakini nikaona nisikuache uaibike."

Hapo sikuweza kujizuia, nililia kweli, na safari hii haikuwa furaha. Watu wakaanza kugonga sahani kwa vijiko. Nyakundi akanong'ona, "Omari, twende," na Omari kwa kubabaika akabonyeza kila kitu alichokiona mbele yake, spika zikawaka, na tukaondoka polepole katikati ya watu wenye njaa huku sauti yangu mwenyewe ikiwatangazia, "Tumeshiba! Tumeshiba! Na wewe je?" Kitufe cha kuzima kilikuwa kimekwama. Kilikwama hadi barabara ya lami.

Kura sitaji. Niseme tu kwamba hata ndugu zangu wengine walihesabika kwa kutokuwepo. Lakini kushindwa si kitu. Kinachoniuma ni hizi sherehe za watu. Juzi nilikuwa kwenye harusi huku Nyamira, nimekaa vizuri, nanusa kuku, msichana wa kupakua akafika kwangu na sinia, na mwenzake akamvuta nguo: "Huyo mruke, ni wa Tumeshiba." Wakacheka, wakapita, na sinia halikurudi.

Kwa hivyo nimeapa. Siku nikiingia chama kingine, kwanza nitasimama sokoni saa sita mchana, nilitaje jina lake lote mbele ya mtu ambaye hajala tangu jana, na nimwangalie usoni kabla sijatia sahihi.