Alama Tatu Nyuma ya Mlango

Watu wanamwita Mama Timazi, na jina hilo halikuja bure. Timazi ni ule uzi wenye kipande cha chuma ambao mwashi huuning'iniza kuona kama ukuta umesimama wima, na mama huyu ukuta ukipinda hata upana wa ukucha, hapati usingizi. Amepiga lipu miaka ishirini na miwili. Nusu ya mji inalala kati ya kuta alizozilainisha yeye kwa mwiko wake. Yeye sasa, kinyozi hajinyoi, alikaa chumba kimoja cha kupanga na mumewe mchukuzi, mabinti wawili na mama mkwe, shuka limetundikwa katikati likiitwa ukuta. Mara sita wenye nyumba walimwambia ahame, na mara sita alihama.

Alikuwa na tabia moja. Kila alipomaliza nyumba, lipu ikiwa bado mbichi, alichuchumaa nyuma ya mlango, akabonyeza dole gumba ukutani mara tatu, usawa wa goti, alama zikakaa kama mafiga. Hakuna aliyemtuma. Alitaka tu ijulikane kwamba alipita.

Basi baraza la mji likaanza kujenga nyumba arobaini za familia zenye kipato kidogo: vyumba viwili na jiko, unalipa polepole mpaka iwe yako. Mama Timazi alichukuliwa kama kibarua wa siku, akapiga lipu huku akiimba, maana moyoni alishachagua upande wa kuweka kitanda cha mabinti. Halafu tangazo likabandikwa: mwombaji alete barua ya mwajiri. Kibarua wa siku aitoe wapi barua? Wanaozijenga ndio waliofungiwa nje, na aliyeandika sharti hilo hata hakuona aibu!

Ulipoitishwa mkutano wa kutoa maoni, mama mkwe alimsukuma. "Nenda, mwanangu. Asiyekuwepo na lake halipo."

Akaenda na suruali yake yenye madoa ya saruji, akasimama katikati ya ukumbi wa baraza.

"Mheshimiwa mwenyekiti, sisi vibarua kazi tunafanya kila siku. Barua ndiyo hatuna."

Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, ila mtu wa makaratasi. "Nakuelewa, mama. Lakini bila karatasi tutajuaje? Kila mtu si atakuja kusema yeye ni fundi?"

"Huu ukumbi alipiga lipu nani?"

Waheshimiwa wakatazamana. "Kampuni," mmoja akasema.

"Kampuni haina mikono, mheshimiwa. Hebu fungeni huo mlango ulio wazi hapo, muangalie ukuta wa nyuma yake. Usawa wa goti."

Mwenyekiti aliinuka mwenyewe, akaufunga mlango, akainama kwa taabu na kitambi chake, miwani ikimteleza. Zilikuwepo, alama tatu chini ya rangi. Mama Timazi akasogea, akaweka dole gumba lake juu ya moja. Likaingia sawasawa.

"Hata kwangu zipo!" diwani mmoja akaropoka. "Na mimi miaka yote nawagombeza watoto!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kisha makofi. Makofi hayaandiki sheria, kwa hiyo Mama Timazi alirudi vikao vingine vitatu, akipoteza siku za kazi, mpaka sharti likaandikwa upya: kibarua athibitishwe na watu watatu aliowafanyia kazi. Wa kwanza kumtilia sahihi alikuwa diwani yule yule. Vibarua kumi na tisa walipata nyumba, na yeye akiwa mmoja wao.

Nyumba yake iliangukia mstari wa mwisho, ambao ulikuwa haujapigwa lipu. Akaimaliza kwa mkono wake, na timazi ilishushwa kila kona mara mbili mbili. Binti yake mkubwa alikuja kuona chumba cha mabinti, akachungulia nyuma ya mlango.

"Mama, umesahau alama zako! Lipu itakauka."

Mama Timazi alikuwa anaosha mwiko. Alicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Sijasahau, mwanangu. Zile huwa naziacha nikiondoka. Hapa naondoka kwenda wapi?"