Mgombea Mwenza Niliyempakia Kama Viazi

Jambo lile lote lilitugharimu ng'ombe saba wa maziwa, pikapu moja, na ulimi wa mtu mmoja. Nimehesabu mara mbili. Ng'ombe wamezaliwa wengine, na pikapu ilikuwa kuukuu hata kabla ya kuuzwa. Lakini ulimi ule, mwanangu, sijaona soko unakouzwa, nami masoko nimeyatembea yote kuanzia Kabazi mpaka Mai Mahiu.

Nimesikia mko hotelini pale Nakuru, wiki ya pili sasa, mkimtafutia mtu wenu wa Ikulu mgombea mwenza. Nimesikia pia mmebandika makaratasi ukutani, kila jamii na kura zake, na kwamba mmoja wenu amesema, "Twendeni kwa yule mzee wa viazi, anajua hesabu." Msije. Hesabu ninayoijua ndiyo iliyotumaliza. Afadhali nikuandikie, kwa sababu nikikueleza kwa mdomo nitaanza kujipunguzia lawama vile nimezoea kupunguza bei.

Iko siku moja ya soko pale Kabazi ambayo kumbukumbu yangu imekataa kunipunguzia hata senti. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. (Leo mnaniita mzee kwa sababu ya magoti zaidi kuliko miaka, lakini sikatai, mzee hupewa kiti.) Kazi yangu ilikuwa udalali wa viazi. Nilinunua kwa lumbesi, lile gunia linaloongezewa kofia ya kamba juu mpaka likawa karibu gunia na nusu, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Nikifika mjini nilipakia upya: vikubwa juu, vidogo katikati, vikubwa tena chini kwa yule mnunuzi mjanja anayepindua gunia. Sikuuita wizi. Niliuita upakiaji.

Siku hiyo mkulima mmoja, Mama Jerono, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kurudi shambani, alikuja na mizani akaitundika kwenye boriti ya kibanda cha soko. Akatangaza kwamba hakuna gunia litakalopanda lori bila kupimwa.

"Mathe, hiyo ni mizani ya mbuzi," nikamtania.

"Basi panda wewe kwanza, tuone kama inafanya kazi."

Soko zima lilicheka. Wapakiaji wangu mwenyewe walicheka, watu niliokuwa nimewanunulia chai asubuhi ile. Nilipima magunia kumi na mawili, nikalipia kilo zote, nikarudi nyumbani na lori jepesi na moyo mzito. Nikaliweka lile jina Jerono mahali ninapoweka madeni ya watu.

Sasa, Daktari. Alikuwa daktari wa mifugo kutoka Njoro, mtu ambaye mkono wake ulikuwa umezalisha nusu ya ng'ombe wa milimani. Mimi alinisomesha mwaka mzima wa sekondari na hakumwambia mtu, hata mke wake. Mwaka ule alisajili chama kidogo akagombea urais. Usicheke. Hatukuota Ikulu. Tulitaka kura za kutosha kufanya wakubwa watuite mezani, tuwaambie habari ya bei ya maziwa na barabara zinazogeuka mito. Watu walimwamini. Familia saba ziliuza ng'ombe mmoja mmoja kwa ajili ya safari ile, bila kuombwa.

Kamati ilikuwa watu watano, juu ya duka la chakula cha mifugo pale Nakuru. Tulipofika kwenye suala la mgombea mwenza, Daktari alisema bila kuzunguka, "Mimi nataka Jerono. Yule mama ananibishia. Moyo wangu si mzuri, daktari wa watu ameniambia. Nikilala, ataendelea. Nikipotea, ataniambia nimepotea."

Wenzangu wakataja jina lingine. Huyo tulimwita Mheshimiwa tu, mstaafu wa siasa kutoka mbali, mwenye kofia nzuri na tabasamu la harusini. Ilisemekana ana kura za kwao zote mfukoni. Daktari akanigeukia. "Wewe unajua watu wa sokoni. Zunguka, uniletee hesabu ya kila mmoja. Nitafuata utakalosema."

Nilizunguka wiki tatu. Nilikuwa Subukia, nikapanda Molo, nikateremka Mai Mahiu kwa wenye vibanda na madereva wa malori. Mwanangu, kila mahali walipolijua jina la Jerono walilipenda. Mwenye kibanda mmoja aliniambia, "Huyo akija hapa, mimi nafunga biashara nimsikilize." Na nilipouliza kuhusu Mheshimiwa, watu walisema, "Aah, huyo. Ni mtu mzuri." Unajua maana ya mtu kusemwa ni mzuri halafu mazungumzo yakahamia kwa mvua.

Lakini nilikuwa nimeshaanza kuwaza. Daktari alitaka bei ya maziwa. Jerono angeongeza mizani, katika kila soko, kwa sheria. Nikaketi na kalamu yangu nikafanya ninachojua. Kura za Mheshimiwa za kusikia tu nikaziweka juu, zile kubwa kubwa. Za Jerono nilizoziona kwa macho nikazizika katikati. Chini nikaweka maneno ya kupendeza kuhusu umoja wa taifa, kwa yule atakayepindua gunia.

Kabla ya kuipeleka hesabu nilipita kwa Mzee Ngatia, aliyeshona magunia pale sokoni kwa sindano ndefu kama kidole cha mzungu. Nilijigamba kidogo, nikamwambia tunakaribia kumpata mtu asiyeleta matata, anayekubali kila kitu. Mzee hakuinua macho.

"Wapakiaji wako huchaguana vipi?" akauliza.

"Kwa mabega, mzee."

"Si kwa kabila?"

"Gunia halijui kabila."

"Si kwa upole?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Umewahi kumwona mpakiaji akimtafuta mwenzake dhaifu ili yeye aonekane na nguvu? Ubao wa lori una mwinuko, kijana. Yule dhaifu hadondoki peke yake. Anaachilia upande wake, na gunia linamlalia yule mwenye nguvu." Akakata uzi kwa meno. "Haya, nenda. Naona umeshafunga mdomo wa hilo gunia lako."

Aliniona, mwanangu. Nami nilienda. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Shida yangu ni kwamba guu lililovunjika lilikuwa la mtu mwingine.

Daktari aliisoma hesabu polepole. "Umehesabu mara mbili?"

"Mara mbili, Daktari."

Na ni kweli. Nilidanganya mara ya kwanza, nikarudia kuhakikisha uongo umejumlika sawa.

Basi tukampata Mheshimiwa. Kwenye mikutano alikuwa na hotuba moja. Daktari akishazungumza jua lote, yeye husimama, huvua kofia, husema, "Mimi nakubaliana na aliyetangulia," na kuketi. Mwanzoni watu walipiga makofi. Akialikwa mkutano bila Daktari, alikuwa na mafua. Barua hakuzijibu, wafadhili hakuwaona, njia mbaya hakuipita. Mkono mmoja haulei mwana, na Daktari alilea mwana yule kwa mkono mmoja: mikutano mitano kwa siku, akilala kwenye kiti cha pikapu yangu, dawa zake akizimeza na chai baridi. Jerono hakuwa na cheo chochote, lakini alikuja mara mbili na chupa ya uji, akamwambia mbele yetu, "Daktari, unajiua kwa sababu ya mtu anayekaa. Mwambie asimame au aondoke." Mheshimiwa akasema anakubaliana naye.

Wiki ya mwisho tuliteremka Mai Mahiu. Tulikaa kwenye kibanda cha yule yule aliyesema angefunga biashara amsikilize Jerono. Mwanamume yule akamuuliza Daktari, kwa upole tu, "Mzee, kwa nini hamkumchukua yule mama? Kijana wako hapa alikuja kuuliza, na sisi sote tulimtaja."

Daktari akaniangalia. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika. "Ile hesabu," akasema, "uliitoa wapi?"

Nikaangalia malori. Yalikuwa mengi yakiteremka siku ile, nadhani niliyahesabu. Niliposikia kikombe kikianguka niligeuka, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeteremka kama turubai lililokatika kamba. Kiharusi. Tulimkimbiza hospitali kwa pikapu, na pikapu ile ile tukaiuza ilipofika zamu ya kulipa.

Kesho yake kulikuwa na mkutano Molo, umati umeshaitwa, familia za wale ng'ombe saba zimeketi mbele kabisa. Tulimpigia Mheshimiwa simu, akaja, kwa mara ya kwanza bila mafua. Tukamwambia kila kitu kiko mikononi mwake. Alipanda jukwaani peke yake. Akavua kofia. Akaangalia watu, na watu wakamwangalia. Upepo wa Molo unajua kunyamazisha mtu, lakini siku ile hata upepo ulingoja.

"Mimi," akasema, "nakubaliana na aliyetangulia."

Hakukuwa na aliyetangulia, mwanangu. Aliyetangulia alikuwa kitandani Nakuru hawezi kutamka jina lake.

Watu hawakuzomea. Walisimama wakakung'uta nguo zao wakaenda nyumbani. Siku ya tatu Mheshimiwa alionekana kwenye mkutano wa mgombea mwingine, akikubaliana. Na kura tulizopata zingetosha kwenye pikapu yetu, kama tungekuwa bado nayo. Hakuna mkubwa aliyetuita mezani. Bei ya maziwa mnaijua. Lumbesi bado inapanda malori, na siku hizi ninapoiona ndiyo inayonicheka mimi.

Sasa nasaha, ingawa sina tumaini kubwa kwamba mtaishika. Naona yale makaratasi yenu ukutani hata nikiwa huku. Mwenza si pambo la tiketi, wala si gunia la kura za kijijini kwao. Ni yule atakayeushika upande wake ubao ukiinuka. Mtafuteni anayembishia mtu wenu akiwa mzima, kwa sababu huyo ndiye atakayemtetea akianguka. Mtu ambaye hajawahi kusema hapana, hiyo "ndiyo" yake mnaichukua bila kuipima. Na zaidi ya yote, mkishapata hesabu, msiulize imehesabiwa mara ngapi. Mwulizeni aliyeileta anamwogopa nani kati ya hao aliowahesabu. Mimi hakuna aliyeniuliza hilo. Ningeulizwa, pengine ningeona haya.

Mungu akupe mwenza mwenye bega, mwanangu, katika siasa na katika nyumba. Akupe ulimi wa kusema kweli ungali na nafasi, na masikio ya kuwasikia wazee wasioinua macho. Viazi vyako vipimwe kwa haki na kila atakayevinunua.

Nami nikishakubariki hivyo, nina jambo la kukuomba. Daktari bado yuko hai, Njoro, kwenye kiti kibarazani. Kila Jumapili ninaenda kumnyoa ndevu. Kwa miaka hii yote amerudishiwa neno moja tu. Nikimpaka sabuni ananishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, ananitazama, anasema, "Hesabu?" Mke wake hutabasamu, huniambia, "Unaona anavyokupenda? Bado anakumbuka wewe ndiye mtu wake wa hesabu." Moyo wake ni ule ule mbovu, na jibu langu linaweza kuumaliza; kunyamaza kwangu nako kunammaliza polepole, naliona hilo kwenye macho yake. Nimelipima jambo hili mara mbili, mara kumi, na mizani inakataa kutulia. Wewe umesoma, na huna deni kwake. Jumapili hii akiniuliza tena, nimjibu nini?