Mguu wa Siku ya Wageni

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, mzungu wa ofisi ya vijana aligundua kuwa sisi wa Likoni hatukujua lolote juu ya uaskari. Akapanga tubadilishane. Vijana wa Changamwe waje kwetu wajifunze kuogelea, nasi twende kwao, kwenye nyumba ya askari walioumia vitani, tujifunze ushujaa. Wa Changamwe walirudi kwao wakiwa wamekunywa maji ya chumvi ya kutosha. Ikawa zamu yetu.

Mimi nilichaguliwa kutoa shukrani. Kusema mbele za watu kulinishinda, na nadhani nilichaguliwa kwa sababu niliponyamaza walidhani nimekubali.

Tulipofika tuliwakuta askari wamepangwa barazani, nishani vifuani. Msimamizi wa nyumba, mtu mwenye funguo nyingi kuliko milango, akafungua kabati, akatoa mguu wa mbao uliong'arishwa kwa rangi ya viatu, akampa mzee mmoja aufunge.

"Mbona ulikuwa kabatini?" mwenzetu akauliza.

"Huvaliwa siku ya wageni tu. Ukivaliwa kila siku utachakaa."

"Na mimi je, sichakai?" mzee akasema. Wenzake wakacheka.

Mzungu akatuhutubia kwamba jeshi humfunza mtu kusimama wima. Mzee akaamriwa asimame. Akasimama, tukapiga makofi. Akaamriwa akae. Tukapiga tena.

Wakati wa chai nilijikuta kando yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Likoni."

Akaweka kikombe chini. "Mimi wa Mtongwe, ng'ambo hiyo hiyo yenu. Kesho namwoza binti yangu. Mguu huu nimeuomba mpaka nimechoka, waniambia nende na magongo. Nilitoka kwetu kwa miguu miwili kwenda Burma. Nataka wakwe wanione naingia kwa miguu miwili."

"Wamekataa kabisa?"

"Ati ni mali ya serikali. Ule wa nyama haukuwa mali ya mtu."

Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikasema, "Asanteni," nikakaa. Mzungu akanisifu kwa hotuba ya kijeshi.

Tulipoelekea kwenye lori, mzee akatusindikiza. Kwetu mgeni hutolewa mpaka njiani. Kumwacha mlangoni ni kama kumfukuza. Mzee akafika langoni, akapita. Msimamizi akamwita.

"Nawatoa wageni!" akajibu, akapanda lori nasi.

Mzungu alifurahi mno. "Mwaona adabu ya askari!" Msimamizi hakuthubutu kumpinga. Akabaki langoni na funguo zake.

Tulipofika kwenye kivuko cha kwenda Likoni, mzungu akampa mzee mkono. "Inatosha, mzee. Lori litakurudisha."

Mzee akanitazama. Nilijua nikinyamaza watadhani nimekubali.

"Bwana," nikasema, "kwetu aliyesindikiza harudishwi njiani. Ni tusi. Hufika mpaka nyumbani kwa mgeni, akala, akalala."

Nusu ya maneno hayo niliyatunga palepale.

"Wallahi, ni tusi kubwa!" wenzangu wakaitikia. "Watu wamekosana vizazi na vizazi!"

Mzungu yule aliheshimu sana mila, hasa zile asizozijua. Akavua kofia, akamwachia mzee njia. Mguu wa serikali ukakanyaga feri.

Kesho yake nilikuwa Mtongwe. Mzee aliingia mbele ya wakwe pole pole, bila gongo, kanzu imefunika kila kitu, akamwoza binti yake. Mbao ililia kidogo kwenye sakafu. Hakuna aliyegeuza kichwa.

Juma lililofuata msimamizi akaja Mtongwe kuufuata mguu. Akakaribishwa, akaletewa pilau, akala mpaka akalegeza mshipi. Alipotaja kilichomleta, mzee akainuka.

"Haya, twende nikutoe."

Wakaenda pamoja hadi kivukoni, mimi nikiwa nyuma yao.

"Sasa mguu," msimamizi akasema.

"Nikuvulie hapa? Nami nitarudije nyumbani, bwana, baada ya kukusindikiza?"

Msimamizi akafikiri. Feri ikapiga honi, akapanda. Mzee akampungia mkono, akageuka, akashika njia ya Mtongwe.